Nilivyostaafu Kazi ya Kuwa Mzee

Upuuzi wa kwanza nilioufanya katika kazi hii ni kuitika marahaba.

Aliyeniamkia alikuwa mwanamume mwenye shahada tatu, mwenye mvi alizozitaja mwenyewe, mwenye wajukuu, na anayeishi nchi ambayo watu hukwangua theluji mlangoni kwa sepetu ndipo waende kazini. Aliandika, "Shikamoo Mzee wetu Bakari." Nami nikamjibu, "Marahaba mwanangu, wajukuu hawajambo?" Wakati huo nilikuwa kidato cha pili, suruali yangu ya shule ina kiraka matakoni, nimekalia kiti cha plastiki ndani ya duka la Bwana Kyalo la simu na faksi pale Ukunda, na mdomoni namung'unya ubuyu.

Sasa niko kidato cha tatu na nimestaafu. Nyinyi mlioingia kidato cha kwanza mwaka huu, ambao nasikia mnagombea kiti changu kwa Bwana Kyalo, hebu tulieni niwasimulie. Mstaafu ana haki ya kuwachosha vijana kwa kumbukumbu zake. Mimi naitumia haki hiyo mapema kwa kuwa na uzee wenyewe niliuanza mapema.

Bwana Kyalo mnamjua: Mkamba mnene, ana shamba kule kwenye mashamba ya serikali waliyogawiwa watu wa bara, na ana duka lenye kompyuta moja iliyounganishwa na waya wa simu. Mimi nilikuwa nikimfagilia duka na kuwachapia watu barua, naye akaniachia kompyuta saa ambazo wateja hawapo. Ndipo nikalikuta baraza.

Baraza hili halina kuta wala mkeka. Ni barua pepe. Ukiandika neno lako unalituma kwenye anwani moja, na anwani hiyo inawasambazia wanachama wote, waliopo Uarabuni, Ulaya, Kanada, Nairobi na wachache Mombasa. Wengi ni watu wa mwambao waliotoka zamani. Hubishana kila kitu: ngoma za harusi, majimbo, nani Mswahili na nani si Mswahili, mbunge gani kalala bungeni, kitabu gani kinafaa kusomwa na kipi cha kufungia maandazi. Jina la baraza silitaji. Wenyewe wangali hai na bado wana hasira, na mimi pia ninayo yangu.

Kabla ya upuuzi huo nilikuwa nimefanya jambo la akili, na ndilo lililoniponza. Nilisema kweli. Walikuwa wakibishana kwa nini watu wa pwani hatusomi. Wiki nzima wanatusema: sisi wavivu, sisi wa taarabu na soga, sisi hivi na vile. Nikaingia kwa jina langu, Salimu, mwanafunzi, Kinondo. Nikasema kwamba maktaba ya shule yetu ni kabati moja, ufunguo wake anao naibu wa mwalimu mkuu, naye huondoka kwenda kwao Kombani kabla kengele ya mwisho haijalia. Nikauliza mtu atasomaje kabati.

Mmoja tu ndiye aliyenijibu. Aliandika: "Kijana, umemaliza kazi za shule? Waachie wakubwa wazungumze."

Nilikaa nikiitazama barua ile. Laiti angesema nimekosea, ningenyamaza. Lakini hakusema. Aliniuliza kazi za shule, kama kwamba mimi ndiye niliyelifunga kabati.

Siku chache baadaye akajiunga Mzee Bakari wa Galu, karani mstaafu wa serikali. Karani, ili pasiwe na mtu wa kuuliza mzee kajifunza wapi kupiga taipu. Galu, kwa kuwa ni jirani na kwetu nami naweza kuieleza, lakini si kwetu. Mzee akaandika maneno yale yale ya kabati. Yale yale, niliyachukua kwenye diski nilikoyahifadhi, nikaongeza tu mbele "enzi zetu" na nyuma "wabillahi taufiki". Basi barua zilimiminika. Wengine walisema haya ndiyo maneno ya wazee tunayoyakosa ugenini. Mwingine alisema ameyachapisha na kuyabandika ukutani ofisini kwake. Na yule wa "umemaliza kazi za shule" ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika shikamoo.

Kabati ni lile lile. Ufunguo uko kule kule Kombani. Kilichobadilika ni mvi, na hata hizo hazikuwapo.

Huyo wa shikamoo tumwite Dokta, maana kila barua yake ilimalizikia kwa orodha ya shahada iliyokuwa ndefu kuliko barua.

Sasa maarifa ya kazi, maana mkikaa pale bila kuyajua Bwana Kyalo atawafukuza kabla ya adhuhuri. La kwanza, andika barua zako zote kabla hujaunganisha laini. Ukiwa tayari ndipo unaiamsha modemu. Italia kama paka aliyekanyagwa mkia ndani ya debe. Usiogope. Ikinyamaza, tuma zako, vuta za wenzio, kata. Utazisoma baadaye kwa raha yako. Mimi siku ya kwanza niliunganisha laini nikaanza kufikiri niandike nini. Bwana Kyalo alisimama mgongoni kwangu, ametoa saa mkononi ameishika kama refa.

"Sasa unafanya nini?"

"Nafikiri, Bwana Kyalo."

"Ati unafikiri? Kufikiri ni bure nje hapo kwa veranda. Hapa ndani kufikiri ni ya simu. Toka nje, fikiria, ukimaliza urudi."

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiria verandani. Mpaka leo nikitaka kufikiri natafuta kivuli cha bati.

La pili, vibonye vya kompyuta vinaliwa na chumvi ya bahari. Vifunike kwa kitambaa. Ikikwama herufi ya *a*, hata salamu huwezi kumpa mtu.

La tatu, soma barua kuanzia mwisho kwenda mwanzo kabla hujaituma. Hili nililijulia kwa Omari, kijana wa ufuoni, mnamjua, yule wa kipuli kimoja sikioni. Alikuwa na wapenzi watatu Ulaya na barua moja ya mapenzi. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha majina. Mwanzoni nilibadilisha. Katikati nilibadilisha. Mwishoni nikasahau, bibi wa Ujerumani akapigwa busu kwa jina la bibi wa Uswisi. Omari alikuja kunitafuta na kasia. Bwana Kyalo alinificha nyuma ya mashine ya faksi, akamwambia, "Huyo kijana alienda Voi." Mimi hata Voi sijawahi kufika.

Msidhani Bwana Kyalo alikuwa akikaa tu kulinda laini. Alipenda kusoma juu ya bega langu. Wakati wa ule ubishi wa majimbo, ambapo kila mtu aliye mbali alikuwa hodari wa kusema nani akae wapi, aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Huyu anasema watu wa bara turudi kwetu?"

"Ndiyo, anasema."

"Na yeye anakaa wapi?"

"Kanada."

Bwana Kyalo alifikiria kidogo, na kwa mara ya kwanza hakutazama saa. "Muulize kama wamemwambia arudi kwao. Na kama wamemwambia, muulize alisikia aje."

Nikamuuliza, kwa kalamu ya Mzee Bakari. Baraza zima likacheka, likamsifu Mzee kwa utani wake wa kiungwana. Swali la Mkamba wa Ukunda, sifa akapewa mzee wa Galu ambaye hakuzaliwa. Bwana Kyalo hakujali. Mimi nilianza kujali, lakini tamu ilikuwa imeshanikolea. Hebu watu wazima wawaamkie kila siku muone kama mtaacha.

Sasa nifike kwenye kilichonistaafisha.

Siku moja walirudia ule wimbo wao wa kusoma, zamu hii wakawageukia wanawake. Dokta akaandika kurasa kumi kuhusu mwanamke wa mwambao na elimu. Nikachoka naye. Nikataka kumchekesha mtu yeyote aliyebaki macho, nikaandika kwa jina la Mzee: "Mwanamke wa kwetu mpe kitabu cha mapishi. Akikimaliza, mpe sufuria." Nilidhani wataona kejeli. Nilidhani mtu yeyote mwenye mama ataona. Wakacheka kweli, wakaliweka neno lile kibindoni, na hakuna aliyeniambia kwamba wameliweka kama hati.

Mama yangu anashona makuti ya mapaa ya mahoteli. Mkimpa mkono mtausikia ulivyo mgumu. Alasiri mbili kwa wiki huenda kisomo cha watu wazima pale shule ya msingi, yeye na wenziwe. Walipewa kitabu kimoja, kinafundisha kuchemsha maji na kuchimba choo. Wamekimaliza, wakakirudia, wakakimaliza tena. Kisha mama akaiona riwaya yangu ya shule juu ya kitanda. Sikujua kama ameichukua mpaka nilipoikuta ina unga wa mahamri katikati. Alikuwa ameisoma mwenyewe, kwa kidole, mstari kwa mstari, halafu akaipeleka darasani. Ilizunguka Kinondo nyumba kwa nyumba. Ilinirudia bila jalada na bila kurasa za mwisho, na mwalimu akanichapa. Mama alipoona alama za kiboko alisema pole, kisha akauliza, "Na yule msichana mwishoni aliolewa au hakuolewa? Maana sisi hizo kurasa hatukuziwahi."

Basi baraza likatangaza kwamba wanachama wamekusanya sanduku la vitabu vya Kiswahili, riwaya na hadithi, na wanatafuta kikundi cha wasomaji cha kukipa. Nilikimbia nyumbani kumwambia mama. Sikuwa na hila yoyote. Nilifurahi tu.

Mama alikuja Ukunda siku ya pili, amejitanda leso yake ya kutokea. Aliamkiana na Bwana Kyalo kirefu, mpaka jamaa zake wa Kitui waliulizwa hali zao, kisha akaketi karibu nami. Alinisomea kutoka kichwani, nami nachapa. Nawapa barua yenyewe, kwa sababu hakuna hata mmoja barazani aliyeisoma kama inavyostahili kusomwa.

"Assalamu aleikum nyote wa baraza, na ambao si Waislamu hamjambo. Natumai mu wazima, nyinyi na watoto wenu na wagonjwa wenu. Baada ya salamu, mimi ni Mama Salimu wa Kinondo, nashona makuti. Tuko wanawake tunaosoma. Kitabu chetu ni cha choo. Tunakishukuru, na vyoo tumechimba. Sasa tunataka kujua yule mtu akishatoka chooni anakwenda wapi, anagombana na nani, anampenda nani, na mwisho wake ni upi. Tukipata sanduku hilo tutasoma kwa sauti, mmoja anasoma wengine wanashona, na kitabu kikichanika tutakishona pia. Wasalaam."

Bwana Kyalo alikohoa. Akasema, "Mama Salimu, hii ya leo si ya kulipa."

Jibu alilileta Dokta, na wengine wakaitikia amina nyuma yake. Nililichapisha kwenye karatasi nikampelekea mama, kwa sababu aliapa kwamba jibu lake atalisoma mwenyewe. Alikaa kwenye kizingiti, akatembeza kidole. Dokta aliandika kwamba amefurahi kuona akina mama wakijitahidi. Lakini riwaya nyingi zina mambo ya mapenzi na ugomvi wa ndoa, nayo hayafai mazingira yetu. "Mzee wetu Bakari wa Galu," alisema, "ambaye ni jirani yenu na anayajua mazingira hayo kuliko sisi, alikwisha kutuasa kwamba mwanamke wa kwenu apewe kitabu cha mapishi." Kwa kuheshimu mila, basi, riwaya zingekwenda kwa chama cha wanafunzi wa chuo kikuu, na Kinondo tungeletewa vitabu vya mapishi na malezi.

Mama alifika mwisho. Akarudi juu, akaweka kidole kwenye jina.

"Huyu Bakari wa Galu ni Bakari yupi?"

"Sijui, mama."

"Galu naijua mlango kwa mlango. Karani hayuko."

"Labda alihama."

"Kama alihama, nani kamwambia nasoma nini?" Alikunja karatasi. "Mtu mzima akikusemea vibaya humjibu barabarani. Unakwenda kwake, unakaa na mkewe, unazungumza. Huenda hakukusudia."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo nilikuwa nao. Nilimtazama tu akikoroga mkate wa kumimina wa kumpelekea mtu niliyemtunga nikila ubuyu.

Alizunguka Galu jua kali, mkate umefungwa kwenye leso. Kila mlango alibisha hodi, akakaa, akaulizwa hali, akauliza. Bakari karani hakuna. Bakari wa duka alishakufa. Mwishowe wakamwonyesha Bakari mmoja anayefuga kuku, kikongwe, macho yameingia ukungu, mkewe alishatangulia. Simu yenyewe hajawahi kuishika. Mama akamweleza kwa adabu kwamba amesikia ya kuwa mzee amesema wanawake wasipewe hadithi, na kwamba yeye hakuja kugombana, amekuja kumwomba alirudishe neno lake.

Yule mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, kama watu wamesema nimesema, basi nimesema. Siku hizi nasahau. Niwie radhi." Na kwa vile mama alikuja na mkate, akaona haifai arudi mikono mitupu, akampa kuku.

Mama alirudi na kuku. Akamfunga kwenye mguu wa meza yangu ya kusomea kwa kuwa pengine hapakuwa na nafasi. "Maskini, kazeeka," akaniambia. "Hata hakumbuki. Nimemsamehe."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Bwana Kyalo nikamwambia yote. Alikaa juu ya meza ya faksi.

"Kwa hivyo yule mzee ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na mimi nimekuwa nikimwambia bibi yangu kuna mzee mmoja Galu ana akili sana." Akatikisa kichwa. "Andika. Leo hata ukitaka kufikiri na laini, fikiria."

Niliandika kwa jina langu. Nikasema mimi ni Salimu wa Kinondo, mwanafunzi, Mzee Bakari ni mimi, hakuna karani Galu, neno la mapishi lilikuwa mzaha, na aliyeomba vitabu ni mama yangu mzazi. Nikaomba radhi. Nikaomba sanduku lipelekwe kwa walioliomba.

Sikilizeni walichofanya. Hawakuniamini.

Dokta alisema hapo ndipo maadili ya vijana yalipofikia, kuchafua majina ya wazee. Mwingine alimwomba Mzee Bakari ajitokeze ajitetee. Nikaingia kwenye anwani ya Mzee, nikaandika humo humo: mzee hayupo, huyu ni Salimu. Wakasema kijana ameiba neno la siri la Mzee. Bibi mmoja aliyeko Uarabuni aliuliza kama kuna mtu wa kwenda Galu kumtazama Mzee wetu, asije akawa amefanyiwa ubaya. Wakanifukuza mimi barazani. Mzee wakamwacha. Mpaka leo hii ninapoandika yeye ni mwanachama mwenye heshima zake, na hupokea mikono ya Idi.

Mimi nimekosa, na wala sijifichi. Lakini nimejipima na wao, na bado najiona nina haki ya kukasirika. Mtoto wa kweli aliwaambia habari ya kabati la kweli, wakamuuliza kazi za shule. Mkamba wa kweli aliwauliza swali la kweli, wakalisifu baada ya mimi kulivisha kanzu ya mzee. Mwanamke wa kweli, ana jina, ana kijiji, ana mikono iliyokwaruzwa na makuti, aliwaandikia amesoma nini na anataka kusoma nini, wao wakaenda kuuliza ruhusa yake kwa mzee wa uongo. Na mzee wa uongo alipowaambia kwa kinywa chake kwamba ni wa uongo, wakamwambia anyamaze, wanamheshimu. Watu hawa ndio wanaotuambia hatusomi. Barua ya mama ilikuwa fupi kuliko shahada za Dokta, na hawakuisoma.

Kwa hiyo nyinyi mtakaokalia kiti kile, shikeni haya. Ingieni kwa majina yenu. Mtatukanwa, mtaulizwa kazi za shule. Jibuni kwamba mmezimaliza, hata kama hamjazimaliza, kisha rudieni mlilosema, na rudieni tena. Msichape kwa herufi kubwa tupu, huko ni kupiga kelele na hakumuumizi mtu. Mkikasirika nendeni verandani. Na mkifika kidato cha tatu mkapewa riwaya, wanawake wa Kinondo watawaomba. Wapeni. Kiboko cha kurasa zilizopotea hakiumi kuliko viboko vingine, nimevijaribu vyote.

Sanduku lilikwenda chuo kikuu. Vitabu vya mapishi vilifika, na mama aliwagawia wenziwe.

Kweli nilimwambia siku ile ile niliyofukuzwa barazani. Nilimkuta uani anashona, rundo la makuti liko kushoto kwake, na kuku wa Mzee Bakari anachakura karibu na miguu yake. Nilisema yote nimesimama. Hakuacha kushona. Alipokwisha kunisikia aliuliza jambo moja.

"Kwa hiyo yule mzee wa watu aliniomba radhi bure?"

"Ndiyo, mama."

"Utamrudishia kuku wake wewe mwenyewe. Na akianza kuzungumza, utakaa mpaka achoke yeye."

Nikasema nitakwenda. Kisha nikasema lile lililokuwa limenikaa moyoni njia nzima kutoka Ukunda, na nililiona kuwa la akili, na huenda nanyi mtaliona hivyo. Nilimwambia, mama, mimi hawanisikii, wewe hawakusikii, lakini Mzee wanamsikia. Neno lake la siri ninalo. Akiandika leo mstari mmoja tu, kwamba amefikiri upya na wanawake wapewe riwaya, kesho sanduku linageuzwa njia. Barua nimekwisha kuiandika, iko kwenye diski, imebaki kutumwa. Wenzio wote watapata. Hakuna atakayejua.

Mama alimaliza kuti alilokuwa nalo. Akalikata ncha, akaliweka juu ya rundo, akachukua jingine na kulilaza mapajani. Ndipo akaniangalia.

"Mwanangu, mimi tangu nizaliwe naomba ruhusa kwa wanaume waliopo. Leo sianzi kuomba kwa asiyekuwepo."